Kilichogunduliwa Kina Wenyewe

Ipo sentensi moja ambayo kila mtoto aliyepita skuli katika visiwa hivi anaijua kwa moyo, wala hakuna anayeitilia shaka: Columbus aligundua Amerika mwaka 1492. Mtoto huyo huyo, akifunua kurasa chache mbele, husomeshwa kwa fahari kwamba Vasco da Gama hakuigundua pwani ya Afrika Mashariki, kwani aliwakuta babu zetu wamekwisha kujenga misikiti ya mawe, wanapima dhahabu kwa mithkali, na vyombo vyao vinakwenda na kurudi kwa pepo za kusi na kaskazi. Mwalimu huyasema hayo kwa sauti ya juu, kifua kimemtanuka. Kisha kitabu hurudishwa kwenye ukurasa wa Columbus, na Columbus huendelea kugundua kwa amani.

Ugomvi wangu ni na ukurasa huo. Wareno wamekwisha kujibiwa na wengi, tena kwa elimu iliyo kubwa kuliko yangu. Ninaowateta ni sisi wenyewe: waandishi, walimu na wafasiri wa Kiswahili, tuliojichopoa katika neno hilo tukawaacha wenzetu ndani, kisha tukafunga mlango.

Hoja tuliyojichopolea ni ya kweli, wala siidunishi. Kutoka hapa Jambiani hadi Kizimkazi Dimbani si mbali, na msikiti wa pale una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, takriban miaka mia nne kabla ya Mreno wa kwanza kuiona bahari hii. Unguja Ukuu ni mkongwe zaidi ya hapo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina. Haya yanajulikana na yanafaa kujulikana.

Lakini itazame hoja hiyo ilivyojengwa. Inasema hatukugunduliwa kwa sababu tulikuwa na mawe, dhahabu na maandishi. Basi asiyekuwa na mawe, dhahabu na maandishi je? Huyo, kwa mujibu wa hoja yetu, ni halali kugunduliwa. Kwa kipimo hicho kijiji chetu cha wavuvi na wakulima, chenye nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, kilikuwa halali pia. Hata ndani ya miji yenyewe iliyotajwa kwa majumba yake, nyumba za makuti zilikuwamo baina ya zile za ghorofa, na waliolala ndani yake hawakuwa wageni. Tumejitetea kwa utajiri wa wachache wetu, na kwa kufanya hivyo tumeikubali mizani ya yule tunayemshitaki.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko wote katika jambo hili ni safari moja ya baharini. Mwezi Machi mwaka 1500 Pedro Álvares Cabral alitoka Lisbon na merikebu 13, akielekea India. Alipanua mno tanga lake kuelekea magharibi, na tarehe 22 Aprili akaiona nchi ambayo leo ni Brazil. Aliwakuta Watupi ufukweni, akasimamisha msalaba, akairudisha merikebu moja nyumbani kupeleka habari, akawaacha wafungwa wawili waliohukumiwa uhamisho wajifunze lugha ya wenyeji, kisha akang'oa nanga. Tufani ikamzamishia baadhi ya vyombo. Mwezi Julai mwaka huo huo nahodha huyo huyo, na mabaharia wale wale walionusurika, alikuwa mbele ya Kilwa akizungumza na Amir Ibrahim, na mazungumzo hayo hayakuzaa kitu.

Safari moja, mwaka mmoja, macho yale yale. Nchi ya kwanza wameiandika kuwa iligunduliwa. Ya pili wameiandika kuwa ilizuriwa. Ni nini kilichobadilika baina ya Aprili na Julai? Watupi walikuwako kwao kama watu wa Kilwa walivyokuwako kwao. Walikuwa na mitumbwi, mashamba, vita vyao, nyimbo zao na jina la kila mto. Hawakuwa na dhahabu ya kuonyesha, basi. Neno "kugundua" liliwekwa pale ambapo mgeni hakukuta cha kununua, na likazuiliwa pale alipokuta soko. Na kabla ya yote hayo, mwaka 1494, wafalme wa Ureno na Uhispania walikuwa wamekwisha kutia saini huko Tordesillas mkataba wa kuigawa dunia kwa mstari uliopita baharini, maili mia nyingi magharibi ya visiwa vya Cape Verde. Mtupi hakuulizwa, na Mswahili hakuulizwa. Sote wawili tulikuwa ndani ya karatasi moja.

Mimi kazi yangu ni maneno, na elimu yangu ya maneno nimeiokota mwenyewe, kwa kamusi zilizochanika na kwa subira ya watu walioniazima vitabu. Basi na tulitazame neno lenyewe. Kugundua ni kukijua kilichofichika: hakimu hugundua hila, daktari hugundua maradhi, mwenye duka hugundua mizani iliyochezewa. Swali la kwanza la mfasiri ni hili: nani aliwaficha watu wa Amerika? Columbus mwenyewe amesimulia kwamba siku ile ya Oktoba 1492, katika kisiwa ambacho wenyewe walikiita Guanahani, watu waliogelea hadi kwenye mashua zake wakileta kasuku na mafundo ya nyuzi za pamba. Hiyo ni desturi ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu aliyekufuata kwa kuogelea, mkononi ameshika kasuku, humwambii kwamba umemgundua. Mtu wa Bwejuu akija hapa Jambiani kwa mara yake ya kwanza akatangaza kwamba amekigundua kijiji chetu, watoto watamfuata nyuma wakicheka, na wazee watauliza ana nini.

Hata hivyo, neno hili katika matumizi ya zamani lilikaribia maana nyingine pia, nayo ni ya kumshtukiza kiumbe asiyejitayarisha, kama mwindaji anavyomshtukiza ndege. Kwa maana hiyo, naam, tuligunduliwa sote. Mwaka 1503 nahodha Ruy Lourenço Ravasco alikaa mbele ya Unguja takriban miezi miwili akiviteka vyombo vilivyopita, hata vikakaribia ishirini, na kuwatoza wenyewe fidia. Mtawala wa Unguja alipotuma mitumbwi yenye watu wa kupigana, mizinga ilijibu. Na amani iliyopatikana ilikuwa na bei yake, mithkali 100 za dhahabu kila mwaka. Mwaka mmoja nyuma Vasco da Gama alikuwa ameielekezea Kilwa mizinga yake, akamlazimisha Amir Ibrahim awe chini ya mfalme wa Ureno na alipe. Dhahabu ile, mithkali 1,500, haikupotea. Iko Lisbon hadi leo, katika jumba la makumbusho. Sonara Gil Vicente aliifua ikawa chombo cha ibada cha Kikatoliki, kirefu, chenye mitume kumi na wawili waliopiga magoti, nacho kilimalizika mwaka 1506. Kinaitwa Custódia de Belém. Kazi yenyewe ni nzuri ajabu, na sina haya kulisema hilo. Jina la sonara limehifadhiwa. Majina ya waliotozwa hayakuhifadhiwa, sembuse ya wale waliochimba dhahabu hiyo bara, mbali na pwani, ambao Kilwa nayo iliwafaidi.

Kisha ukaja mwaka 1505. Francisco d'Almeida aliingia Kilwa mwezi Julai, na Mombasa mwezi Agosti. Habari zake tunazo kutoka kwa Mjerumani aitwaye Hans Mayr, aliyekuwamo katika moja ya merikebu zile. Ameandika bila ya kuficha, maana hakuona cha kuficha: mapadri walishuka Kilwa na misalaba, wakaimba sifa za Mungu, Amiri jeshi akasali, halafu uporaji ukaanza. Mombasa ilichomwa moto. Katika maandishi hayo hayo imo barua ambayo mtawala wa Mombasa alimpelekea mwenzake wa Malindi baada ya maafa, akimweleza kwamba aliporudi mjini hakukuta mtu mzima wala mtoto aliye hai, na uvundo ulikuwa mwingi hata hakuweza kuingia. Zingatia, msomaji: kilio hicho cha Mombasa kimetufikia kwa mkono wa waliouchoma mji.

Na Malindi? Malindi ilikuwa upande wa Mreno, kwa uhasama wake wa kale na Mombasa, na mwaka 1498 ndiyo iliyompatia da Gama rubani wa kumvusha. Wengi wetu hupenda kusema kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari wa Oman. Wataalamu wameikataa hadithi hiyo, na ushahidi wa Wareno wenyewe unaelekea kwa baharia wa Gujarat. Awe nani awe, merikebu zilitoka Malindi tarehe 24 Aprili na mnamo tarehe 20 Mei zilikuwa mbele ya Calicut. Abiria aliyepakiwa hakuigundua njia. Aliijua njia dereva. Lakini vitabu vyetu vya skuli, ambavyo vinakataa kwamba da Gama aliigundua pwani, bado vinasema kwamba aligundua njia ya kwenda India, kana kwamba njia hiyo haikuwa imechakaa kwa majahazi ya Wagujarati, Waarabu na Waswahili. Hata katika kujitetea hatukumaliza kazi.

Uhasama wa Malindi na Mombasa haukuwa maradhi yetu peke yetu. Hernán Cortés hakuuangusha mji wa Tenochtitlan mwaka 1521 kwa Wahispania wake mia chache. Alikuwa na maelfu ya watu wa Tlaxcala waliokuwa na kisasi chao na Waazteki. Anayesoma habari za Tlaxcala huku anaijua Malindi hana haja ya mfasiri. Ndiyo maana nasema tumejidhulumu wenyewe kwa kuwaacha watu hawa katika ukurasa wa ugunduzi, kwa kuwa tungewasoma kama majirani, tungejisoma sisi.

Huko Hispaniola, kisiwa cha kwanza walichokikalia Wahispania, Wataino waliwekewa kodi ya dhahabu mwaka 1495: kila aliyefikia miaka kumi na minne alete kiasi chake kila baada ya miezi mitatu. Isomwe kodi hiyo kando ya mithkali za Unguja na Kilwa. Kisha kazi za kulazimishwa, njaa, na ndui iliyowafikia mwaka 1518, vikawamaliza kwa kasi ambayo padri Bartolomé de las Casas aliililia kwa kalamu; na padri huyo huyo, kabla ya kujuta, alikuwa ameshauri wapelekwe watumwa Waafrika badala yao. Hapo ndipo Afrika ilipoingizwa katika kisa cha "ugunduzi", kwa mlango wa nyuma, na imefungwa minyororo.

Wapo ndugu zangu wanaojibu kwamba sisi tulibaki kwa kuwa tulipigana. Tulipigana kweli, tena mara nyingi. Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, aliigeukia Fort Jesus mwaka 1631 akawaua Wareno waliokuwamo. Lakini Wataino nao walipigana, na Watupi walipigana. Tofauti iliyokuwa kubwa kuliko ushujaa ni damu na homa. Karne nyingi za biashara na Arabuni, Uajemi na Bara Hindi zilikuwa zimekwisha kutuletea ndui na mfano wa ndui, na miili yetu ilikuwa imezoea kiasi. Wao hawakuwa wameonja kamwe maradhi hayo. Na homa ya malaria, ambayo sisi imetuua sana, iliwaua Wareno zaidi. Ngome waliyoijenga Kilwa mwaka 1505 waliihama mwaka 1512. Basi anayejisifu kwamba hakugunduliwa amshukuru mbu kabla ya kumshukuru babu yake.

Nimefika kwenye chakula, na hapa nitakaa.

Ardhi ya Jambiani ni mawe. Mgeni akiona mahali tunapopanda huuliza mche umeshika wapi. Unachimbua kishimo baina ya jiwe na jiwe, unashindilia udongo kidogo, unachomeka kipande cha mti, unamwachia Mungu. Kinachokubali kuota hapo ni muhogo. Umetulea kwa kuchemshwa, kwa nazi, kwa pweza. Mvua zilipokosekana na mpunga wa wenzetu wa mashamba ya udongo ukapanda bei, tulisonga bada tukashukuru. Kijiji hiki kisingekuwa na watu hawa kama si muhogo, angalau si kwa idadi hii.

Sasa sikiliza tunavyofundishana: muhogo uliletwa na Wareno. Kama kawaida huongezwa meza, leso, bendera, kasha, foronya na karata, na kwa watu wa Pemba mchezo wa ng'ombe, kama kwamba ni orodha ya zawadi za harusi. (Gereza halitiwi sana katika orodha hiyo, ingawa ndilo neno lililofika na maelezo yake kamili: kwao lilikuwa kanisa, kwetu likawa jela.) Kwamba mbegu ilipanda merikebu ya Mreno, na baadaye ya mabaharia wengine, sina ubishi. Lakini mchukuzi wa gunia si mkulima. Muhogo ulifugwa kutoka katika kichaka chake na watu wa kusini-magharibi ya Amazon, maelfu ya miaka kabla ya Lisbon kuwa na bandari. Na si kuufuga tu. Muhogo mchungu una sumu. Walioujua walitafuta namna ya kuumenya, kuukuna, kuuroweka, kuukamua na kuukausha hata ukalika, na bila shaka wapo waliokufa katika kutafuta huko. Huo ndio ugunduzi hasa, kama neno hili litapewa haki yake: kuijua siri iliyofichika ndani ya mzizi. Waliofanya hivyo tunawaita waliogunduliwa.

Mahindi ni vivyo hivyo. Watu wa Mexico walilichukua jani la mwituni lenye punje chache ngumu, wakachagua mbegu kizazi baada ya kizazi, mpaka likawa gunzi tunaloligeuza juu ya makaa pale Forodhani. Takriban miaka 9,000 imepita tangu waanze. Na sisi tumelipa jina linaloelekeza Bara Hindi! Columbus alidhani amefika India, akawaita wenyeji Wahindi. Kosa lake likazunguka dunia nzima, nasi tunalitafuna kila siku kwa chumvi na pilipili, ambayo nayo ni mgeni wa kutoka kule kule.

Lakini yapo maneno yaliyoponyoka. Nanasi ni neno la Watupi. Wareno walilisikia kwenye ufukwe ule wa Cabral, wakalibeba, likapita midomo mingi hata likafika kwenye masoko yetu likiwa halijapoteza sura. Mkanju, jina la mkorosho kwa watu wengi wa pwani, unatokana na lugha hiyo hiyo. Tumbaku na papai asili yake ni kwa watu wa visiwa vya Karibi. Watupi wa pwani waliangamizwa kwa vita, utumwa na maradhi, na lugha yao ya pwani haisemwi tena kama ilivyosemwa mwaka 1500. Mwanamke anayenadi nanasi Darajani analitamka neno lao kila asubuhi. Lakini mwanafunzi anayelinunua ametoka kuandika katika daftari lake kwamba walikuwa wamejificha, hata Mreno akawagundua.

Mwaka juzi nilipewa kazi ya kufasiri kitabu kidogo cha historia ya dunia kwa ajili ya watoto. Nikaandika "alifika" kila palipokuwa na neno la ugunduzi, na "alitia nanga", na pengine "alivamia", kwa kadiri ya jambo lenyewe. Rasimu iliporudi, "aligundua" ilikuwa imerejeshwa kila mahali kwa wino mwekundu, isipokuwa katika sura ya Afrika. Katika sura ya Afrika wamekubali "alifika". Nikauliza sababu, nikaambiwa kwamba wazazi wa hapa wangelalamika. Jibu hilo nalishukuru kwa ukweli wake. Watupi hawana wazazi wa kulalamika katika skuli zetu.

Jambo la pili lililorejeshwa ni "Wahindi Wekundu". Sijui nani alilianzisha neno hili katika Kiswahili, ila katika mji kama wetu ni kichekesho cha pekee. Wahindi tunao. Wametutengenezea saa, wametushonea, wametuuzia vitambaa, baadhi ya roshani za Mji Mkongwe ni zao, na wao ni Mabohora, Makhoja, Mabaniani, Wagoa, kila mmoja na msikiti wake au hekalu lake au kanisa lake. Mtoto wa Hurumzi akisoma habari za Wahindi Wekundu atafikiri nini? Ni jina lililotokana na mtu aliyepotea njia, likatiwa rangi na waliomfuata, nasi tumelifasiri kosa na rangi pamoja.

Nimeambiwa pia kwamba nachokonoa maneno. Kwamba dunia nzima husema hivyo, na maana yake ni kwamba Wazungu walizijua nchi hizo kwa mara ya kwanza. Kama maana ni hiyo, na iandikwe hivyo: "Mwaka 1492 Wahispania walijua kwa mara ya kwanza kwamba ziko nchi ng'ambo ya bahari." Kiswahili hakina uchache wa vitenzi. Na dunia nzima haisemi hivyo. Lisbon kwenyewe, mwaka 2018, palipotolewa rai ya kujenga jumba la makumbusho lenye jina la ugunduzi, wanahistoria na wataalamu zaidi ya mia moja waliandika barua ya wazi kulipinga jina hilo. Mreno anaona haya, na sisi tunamshikia bango.

Liko jibu lenye uzito zaidi, nalo nalipokea: kwamba watu wa pwani hii nao walikwenda bara wakawatenda watu wa huko kama Wazungu walivyotenda kwingine. Ni kweli. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, si kwa toba yetu. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, ndiye aliyemsindikiza Stanley kutoka Nyangwe mwaka 1876, na vitabu vikasema Stanley aliugundua mkondo wa Kongo. Sidi Mubarak Bombay, aliyewahi kuwa mtumwa, alimwongoza Speke, na vitabu vikasema Speke aligundua ziwa. Wenyeji wa mto na wa ziwa wamefutwa mara mbili, mara kwa kalamu ya Mzungu na mara kwa kimya chetu. Hilo halipunguzi hoja yangu. Linaniongezea kurasa za kusahihisha.

Tena wanaodhani kwamba haya ni ya kale waje huku kwetu. Matangazo ya kuvutia watalii yanaisifu pwani ya mashariki kwa ufukwe wake ambao, kwa maneno yao, bado haujagunduliwa. Maji yakitoka, ufukwe huo unajaa wanawake wanaokwenda kwenye mwani wao, zao lililoanza kupandwa kwa biashara hapa mwaka 1989. Kila kipande kina mwenyewe, na vigingi vyake vinajulikana kama mipaka ya viwanja. Kuna waokota chaza, watoto wenye mikuki ya pweza, na ngalawa zinazojua mlango upi wa mwamba hupitika kwa upepo upi. Ufukwe ambao haujagunduliwa ni ufukwe usio na watu, na usio na watu huulizwa bei kwa mtu mwingine.

Kitabu kile cha watoto sijakirudisha. Nimefuta "aligundua" tena, kwa wino wangu mweusi, katika sura zote, na mahali pa "Wahindi Wekundu" nimeandika Wataino walipokuwa Wataino, Watupi walipokuwa Watupi, na Waazteki, Wamaya na Wainka kila mmoja mahali pake. Nimeletewa ujumbe kwamba majina ni mengi mno, na msomaji mdogo wa Unguja atapotea. Msomaji huyo bado hajaanza darasa la kwanza, na tayari anajua nani Mtumbatu, nani Mhadimu na nani Mpemba, na atakukasirikia ukimchanganya.